Siku ya Tatu ni Ipi?

Siku niliyoanza kazi katika utafiti wa dawa ya malaria hapa Rumonge, nilivaa viatu vya dada yangu, maana vyangu vilikuwa vimekwisha. Dokteri aliyesimamia utafiti aliniuliza swali moja tu: "Zuhura, Kifaransa, Kirundi na Kiswahili, vyote unavijua?" Nikasema vyote. Akanikabidhi rundo la fomu za ridhaa, yaani karatasi ambazo mzazi husomewa kabla mtoto hajaingia katika utafiti, na akikubali anatia alama ya kidole. "Basi wewe ndiye utakayewaelewesha watu," akasema.

Vita vilikuwa vikiendelea. Asubuhi nyingine barabara ya Bujumbura ilifungwa, na wiki nyingine watu wa milimani walishuka ziwani na magodoro kichwani. Homa haikujali hayo, nasi tulifungua mlango kila siku. Mtoto alipewa dawa, kisha alitakiwa kurudi siku ya tatu, tone la damu yake litazamwe kwa hadubini tujue kama vijidudu vimekwisha. Asiporudi, hatukujua amepona au anazidiwa nyumbani.

Na wengi hawakurudi. Dokteri alifunga daftari siku moja akasema, "Vita vimewatawanya. Nitaandika Bujumbura tufunge utafiti."

"Nipe siku moja niwatafute," nikamwomba.

Nilikwenda Kigwena, nikamkuta Mama Esperansi akikamua mawese nyuma ya nyumba. Kitinda mimba wake, aliyepata dawa kwetu Jumanne ya wiki iliyopita, alikuwa amelala kivulini.

"Amahoro, mama," nikamsalimu, nikampa mkono. "Mbona hukurudi?"

"Sikurudi?" Akaniacha mkono hewani. "Ulisema siku ya tatu. Ku wa gatatu nilikuwa pale mapema! Karani akasema mutoto hayuko kwenye liste ya leo, niende nyumbani."

Ku wa gatatu, siku ya tatu ya juma kwa Kirundi, ni Jumatano. Alikuja kesho yake tu! Kabla sijasema neno, jirani yake, Mama Hadija, Mswahili wa Rumonge kama mimi, akadakia, "Mimi wangu nilimpeleka Jumatatu. Tatu si ni tatu? Nikafukuzwa vilevile."

Uso uliniwaka kwa aibu. Vita havikuwa na kosa hapo, kosa lilikuwa langu. Nikamgusa yule mtoto, alikuwa wa moto. Nikambeba mgongoni, mama yake nyuma yangu, tukarudi mjini.

Laborantini, bwana wetu wa hadubini, alitazama tone la damu kwenye kioo akatikisa kichwa: vijidudu vilikuwa bado vipo. Mtoto akapewa dawa ya pili siku ileile. Nikamweleza Dokteri yote, nikitarajia kufukuzwa. Alihesabu siku kwa vidole, Jumatatu, Jumatano, akacheka hadi akavua miwani.

"Muda wote huu nawalaumu wenye bunduki! Tafuta maneno mengine, Zuhura."

Niliwauliza akina mama wenyewe. Mama Esperansi ndiye aliyenipa: "Tuambie tulale mara tatu, halafu tuje." Tangu hapo nilisema hivyo, kisha nikamwomba kila mama anirudishie kwa maneno yake. Karani naye aliagizwa asimrudishe mtu bila kuniita.

Wiki iliyofuata nilifika kazini nikakuta foleni hadi barabarani. Laborantini akapiga kelele, "Vioo vimeniishia!" na alikuwa anacheka. Mtoto wa Mama Esperansi alikuwa mbele, macho maangavu, anang'ang'ania kushika hadubini. "Murakoze cane," mama yake akanishukuru, akaniwekea chupa ya mawese mezani. Utafiti haukufungwa.

Baadaye nilifanya kazi Gitaza, kisha Kabezi, chini ya wakubwa wapole na wakali. Sasa nimestaafu. Vijana wa utafiti wakija kuniuliza, nawaambia: usimuulize mama, "Umeelewa?" Atasema ndiyo kwa heshima tu. Muulize, "Ukifika nyumbani utafanya nini?" kisha unyamaze umsikilize.

Juzi sokoni muuza samaki mwenye ndevu alinizuia njia. "Mama Zuhura! Nilikuwa mutoto wa utafiti wako. Namba yangu kwenye daftari lenu ilikuwa ngapi?"

"Siri ya kazi," nikamwambia. "Mzima?"

"Muzima kabisa!" Akacheka, akanimwagia ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye kikapu hadi nikamzuia mkono.