Tanki Lililovalishwa Raba

Muhtasari wa kikao cha tarehe 20 Aprili 2024 unaonyesha kwamba Zephania Mrutu, dereva wa pikapu ya kikundi cha wakulima, aliomba kurudisha funguo. Haukutaja sababu. Ana miaka sitini na moja, na anaishi katika kitongoji cha wakulima wa tangawizi milimani juu ya Mwembe, wilayani Same.

Sababu yenyewe kila mtu aliijua. Siku tisa kabla ya kikao, pikapu iliishiwa dizeli kwenye kona yenye mwinuko ikiwa imembeba Koleta, mke wa jirani, mwenye uchungu wa kujifungua. Wanaume walimbeba kwa machela mwendo wa saa mbili hadi zahanati. Mama na mtoto walipona. Zephania hakupona vizuri. Tangu siku ile, akifika kwenye kona ile mikono inalowa jasho, naye hupangusa kiganja kimoja kimoja kwenye suruali huku gari likitembea.

Kikao hakikumkatalia. Kilimpa sharti. Pikapu hiyo ilinunuliwa kwa tangawizi ya nyumba arobaini na mbili, na kwao kitu cha wote hurudishwa kikiwa kizima.

"Jembe la jirani hulirudishi bila mpini," alisema Yudith, mwenyekiti. "Geji ya mafuta haifanyi kazi. Itengeneze, ulete gari, tulipokee."

Geji ilikuwa imekufa mwaka mmoja kabla. Mshale ulilala kwenye tupu hata tanki likiwa limejaa, basi Zephania akazoea kupima kwa waya mgumu, akiuchovya kupitia mdomo wa tanki. Kosa lake lilitokana na mlima. Huko juu kila gari huegeshwa pua ikitazama bonde, ili betri ikigoma liwashwe kwa kuserereka. Mdomo wa tanki hili uko upande wa mbele. Gari likiinama, dizeli hukimbilia huko, na waya hutoka umelowa kuliko ukweli. Asubuhi ya Koleta alisoma nusu tanki. Haikufika robo.

Mwezi Mei alishuka Same kwa Swalehe, fundi umeme wa magari mwenye banda karibu na barabara kuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka geji mpya."

"Mzee, umekuja kwa fundi au dukani? Ngoja kwanza nimpime mgonjwa."

Swalehe aliingia chini ya gari, akachomoa waya unaotoka kwenye tanki, akaugusisha kwenye chesisi. "Mshale?"

"Umepanda! Umefika mwisho," Zephania alijibu kutoka kwenye usukani.

"Basi geji nzima, na waya mzima. Tuiache dashibodi, twende tankini."

Alitoa boya, kile kifaa kinachoelea tankini kupima mafuta, akaliunganisha na gari kwa nyaya mbili juu ya benchi, akaliinua kwa kidole. Mshale ulipanda; alipolishusha, ukashuka. Boya nalo zima. Alilirudisha tankini, akakaza skrubu, akaunga waya. Mshale ukalala.

Zephania alikaa juu ya tairi kuukuu. Kila kipande kilikuwa kizima na gari bado lilikuwa bovu, na yeye bado alikuwa dereva wake.

Swalehe alirudi chini na taa ya kupimia. Akaanza kucheka. "Mzee, nani kalivalisha tanki katambuga za tairi?"

"Mimi."

Ilikuwa mwaka uliopita, siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Walikuwa wakitengeneza barabara, na jiwe lilikuwa limetoboa tanki, kwa hiyo wakalishusha, likazibwa. Kila mtu alileta alichonacho. Zephania alileta vipande vya tairi, akavipanga kati ya tanki na chesisi, na chini ya mikanda ya chuma, ili tanki lisigongegonge njiani.

"Ulilifunga vizuri mno," Swalehe alisema. "Umeme wa boya unarudi kupitia bodi ya gari. Hapa hauna pa kupita. Raba imeufungia ndani."

Alikata waya mfupi, akafunga ncha moja kwenye tanki na nyingine kwenye chesisi. Mshale ukapanda hadi robo tatu, ukatulia. Kazi hiyo haikufika dakika kumi.

Jumamosi, tarehe 18 Mei, Zephania aliegesha pikapu mahali tambarare nje ya jengo la kikao, akawasha, akawaita waangalie mshale. Wakapiga makofi. Akaweka funguo mezani. Yudith akaandika kwamba gari limepokelewa zima, kisha akauliza nani atalichukua. Sadock, dereva mwingine pekee wa kitongoji, alikuwa amehamia Tanga tangu Januari. Watu walitazama meza.

Koleta alisimama, mtoto mgongoni.

"Mimi ndiye niliyekwama naye. Nilimwona alivyoishika machela, hakuiachia hata mara moja. Mtoto ana rufaa ya hospitali ya Same. Kwa dereva mwingine sipandi." Akamgeukia Zephania. "Baba Irine, Jumatatu tunatoka saa ngapi?"

Zephania alitazama mlangoni. Watu walikuwa wamesimama hapo pia.

"Saa kumi na moja," alisema.

Yudith alizisukuma funguo upande wa Zephania. Jumatatu alfajiri Zephania atashuka Same na Koleta na mtoto, na Jumatano atawashusha wengine watatu ambao majina yao yaliandikwa kabla kikao hakijafungwa.