Mashimo Ishirini na Mawili ya Mushagalusa

Mara ya kwanza nilipomwona Mushagalusa kazini, alikuwa ameshusha barakoa hadi kidevuni na analamba ukuta. Ilikuwa Machi 2021, Sydney, siku ambazo mtu akikohoa ndani ya basi abiria wote wanamhama. Mimi ndiye niliyelipwa kuzuia upuuzi wa namna hiyo: kupima watu joto langoni, kuhakikisha kila mmoja amejisajili kwa simu, kugawa barakoa. Nikampigia kelele. Akageuka taratibu, akasoma jina langu kwenye kitambulisho, akanijibu kwa Kiswahili cha Bukavu.

"Pardon, mama Jerotich. Hii béton balichanganyaka na muchanga ya bahari. Chumvi iko ndani. Ndiyo maana ile vyuma inaoza."

Nikamwandikia onyo. Wiki mbili baadaye majibu ya maabara yakaja yakisema hayo hayo: chumvi. Nililichana lile onyo mwenyewe, na kuanzia siku hiyo nikawa nanunua chai mbili.

Tulikuwa tunakarabati ngome ya mizinga iliyojengwa mwaka 1942 kwenye rasi moja inayotazama bahari, watu wa hapa walipokuwa wakizingojea meli za Wajapani. Juu huoni kitu ila nyasi na mashimo mawili ya mviringo ambamo mizinga ilikaa. Shuka ngazi ndipo utaelewa jinsi hofu inavyoweza kumfanya binadamu ajenge vizuri. Kuta ni nene kuliko urefu wa mkono wangu. Njia ya chini inakata kona mara mbili, ili bomu likilipuka mlangoni, nguvu zake ziishie konani. Taa zilikaa ndani ya vijidirisha vya kioo, cheche isije ikakutana na baruti. Kulikuwa na lifti ndogo ya kupandishia makombora. Alama za mbao zilizoshikilia zege, ile béton ya Mushagalusa, bado zimebaki ukutani, na yeye alikuwa anakuonyesha kwa kidole mafundi walipoishia Jumatatu na walipoanzia Jumanne.

Yeye mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na minne. Alizaliwa Walungu, akajifunza uashi akiwa na kumi na sita, kwenye kikosi kilichotengeneza maghala ya magome ya kwinini, kisha akajenga shule na nyumba za watu Bukavu mpaka vita vikamfukuza. Akakaa kambini Uganda miaka mingi. Alipoletwa Sydney na mkewe Yvette, wakapewa nyumba Blacktown, na kwa miaka minane fundi huyu akapanga maboksi ya sabuni kwenye bohari. Kanisani walimwita fundi. Serikalini hakuwa fundi wa chochote, maana vyeti vyake viliteketea pamoja na nyumba.

Kazi ya ngome ilikuwa nafasi yake ya kupata karatasi nyingine. Ilibaki fomu moja tu: msimamizi atie sahihi, na kwa mkono wake aeleze kazi aliyomwona mwombaji akiifanya. Msimamizi wetu alikuwa Craig, mtu mzuri mwenye haraka. Aliahidi kuijaza mwisho wa Juni kama atakuwa ameridhika. Bila ile fomu, Mushagalusa angerudi kwenye sabuni.

Mwanzoni mwa Juni Craig akaonyesha mashimo kwenye kuta za ghala la makombora, kumi na moja karibu na sakafu, kumi na moja karibu na dari, kila moja la kutosha ngumi. Alisema ni uharibifu wa wezi wa vyuma chakavu. Yajazwe saruji. Kisha akaondoka, kama kawaida yake.

Siku iliyofuata nilimkuta Mushagalusa akiyajaza kwa mchanga na chokaa kidogo, mchanganyiko ambao hata mimi nisiyejua kitu niliona hauwezi kushika. Nikamuuliza ana nini.

"Sikiliza, mama. Hii ukuta iko mbili. Ingiza mukono." Nikaingiza. Nyuma ya ukuta kulikuwa na uwazi wa shubiri moja, kisha ukuta mwingine. Upepo baridi ukanipiga vidole. "Hewa inaingiaka chini, inatokeaka juu. Maji ya udongo inabakia katikati, haifikie baruti. Sisi tulikuwa na ghala ya kwinini namna ile ile. Ukifunga, ukuta ya ndani inalowa, vyuma inavimba, na béton inapasuka. Miaka kumi, kwisha."

"Sasa si umwambie Craig?"

Akanitazama kama nimetukana. "Mbele ya batoto yake?"

Batoto ni vibarua sita wanaume wenye ndevu. Kwao Mushagalusa, mkubwa hakosolewi mbele ya walio chini yake. Unamvuta pembeni, unamnong'oneza, yeye anarudi na kutoa amri mpya kama iliyotoka kichwani mwake, na kila mtu analinda uso wake. Ni utaratibu mzuri. Tatizo ni kwamba korona ilikuwa imefuta pembeni yote duniani. Alijaribu mara mbili kumsogelea Craig. Mara zote mbili Craig alirudi nyuma, akaonyesha alama za njano za mita moja na nusu, akasema kwa sauti kubwa nyuma ya barakoa: ongea tu, rafiki, nakusikia. Na vibarua wote wakageuka kusikiliza. Mushagalusa akauliza habari za wikendi.

"Basi nikuandikie email," nikamwambia.

"Non! Karatasi ni kama mashitaka."

"Mzee, wewe utajimaliza. Mficha uchi hazai."

"Nitangojea. Nafunga kwa uongo, siku nitakayompata peke yake, tunatoboa kwa kidole. Hakuna kitu itakuwa imeharibika."

Nilikasirika naye kweli. Lakini sikumsema kwa Craig, na hilo nalo nitaulizwa.

Siku hiyo haikufika. Mwishoni mwa Juni mji ukafungwa, fomu haijajazwa. Julai kazi zote za ujenzi zikasimamishwa. Ziliporuhusiwa tena, watu wa Blacktown waliambiwa wabaki kwao. Wiki hiyo hiyo akaja mkaguzi wa majengo ya kale, mama mmoja mkimya mwenye bisibisi mfukoni. Akachoma shimo la kwanza, mchanga ukamwagika juu ya viatu vyake. Akachoma la pili. Alipofika la tano uso wa Craig ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Craig akaniuliza nani alifanya kazi hii. Kitabu cha kazi nilikuwa nacho mkononi, na jina lilikuwa moja tu.

Wakaitisha kikao cha video, watu kumi na wanne, Mushagalusa ajieleze. Nilimpigia simu kabla.

"Mzee, leo useme. Otherwise ni wewe mwizi wa saruji. Hiyo form sahau."

"Nitamupatisha haya."

"Na yeye anakupa nini sasa hivi?"

Nikamsikia Yvette nyuma yake: "Papa, sema. Ama mimi nitasema."

Alitokea kwenye kioo akiwa amevaa suti ya kanisani. Craig akamuuliza kwa nini. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini tu, kwa hiyo nilikuwa natafsiri. Kwanza akamwomba Craig msamaha kwa yatakayofuata. Kisha akaeleza kuta mbili, hewa baridi ya chini, hewa ya joto ya juu, baruti, chumvi. Alieleza vizuri kuliko nilivyotafsiri. Mkaguzi akafungua michoro ya jeshi, akaikuza, akaenda mstari kwa mstari. Uwazi ulikuwepo, umechorwa kwa wino, upana wa shubiri. Alisema mashimo yangejazwa saruji, wangelipoteza ghala. Kisha Craig akazima kamera, na kikao kikafungwa.

Kwa wiki tatu Craig hakuigusa habari hiyo. Mushagalusa alichanjwa mapema ili aruhusiwe kurudi kazini, na alipokuwa akingoja ruhusa alinipigia kila asubuhi kuniuliza kama Craig amemtaja. Hakuwa amemtaja. "Nimeua uso ya mutu," aliniambia, "na nimekosa karatasi."

Siku aliporudi, mwisho wa Agosti, alikuja na kuku. Kuku mzima, amebanikwa, amefungwa kwenye foili, amesafiri naye treni na basi kwa saa mbili. Alikuwa wa kuomba radhi kwa kosa la kusema kweli mbele ya watu. Craig alisimama langoni, kwenye alama yake ya njano, akamtazama yule kuku bila kuelewa kitu. Akaweka bahasha juu ya meza yangu, akarudi nyuma, akanionyesha kwa kidole: msomee.

Ilikuwa ile fomu. Sahihi ilikuwepo chini. Mwandiko wa Craig ni mbaya, kwa hiyo nilisoma polepole, kwa Kiswahili, vibarua wote sita wakisikiliza bila kujua ninachosema:

"Kazi niliyomwona akiifanya: nilimwamuru afanye kosa. Alilifanya vibaya kwa makusudi, mara ishirini na mbili, ili liweze kurekebishwa. Katika miaka thelathini sijawahi kusimamia fundi bora kuliko huyu. Mimi nilikosea."

"Amewaambia batoto yake?" Mushagalusa akauliza.

Nikamuuliza Craig kwa Kiingereza. Akageuka kuwaelekea wale vibarua, akashusha barakoa, kosa ambalo kazi yangu ilikuwa kuliandikia onyo, akawasomea yeye mwenyewe, yote, hadi mstari wa mwisho.

Mushagalusa aliketi juu ya mfuko wa saruji akalia, kuku mapajani. Mimi pia nililia, na sikumwandikia mtu yeyote onyo.