Makufuli Matatu ya Stoo

Ghala lile la zamani la pamba, pale Mabwerebwere, tulipewa baada ya wenyewe kuondoka. Tuligawana vyumba: maseremala, akina mama wa mikate, na sisi washonaji. Hapakuwa na bosi. Kila jambo liliamuliwa na mkutano. Jioni vifaa viliingia stoo moja yenye makufuli matatu, kila kundi na lake, ili asiwepo wa kufungua peke yake. Niliuona ni utaratibu wa haki.

Mama aliitoa cherehani yake iwe ya wote. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, hivyo mshonaji nilikuwa mimi. Nyumbani kwetu tulikula kwa cherehani hiyo.

Kabla ya masika lori lilikuja alfajiri, likawahamishia akina mama wa mikate kwenye kijiji kipya, Tindiga. Waliharakishwa. Mwenye ufunguo wao aliondoka nao, kaufunga kwenye pindo la kanga.

Mkutanoni niliomba, kwa sauti ndogo, kufuli lao livunjwe ili cherehani itoke. Seremala mmoja akauliza kama hata kushona huwa nashona kwa kunong'ona. Randa na misumeno ya maseremala ilikuwa Kidete, kwenye ujenzi wa shule, kwa hiyo hawakuwa na haraka. Watu walicheka. Nikarudia. Mwenyekiti hakucheka.

"Binti, tukivunja leo kwa ajili yako, kesho kufuli litamzuia nani? Halafu kundi moja halipo. Huu hata si mkutano."

Mama alikusudia kwenda Tindiga kwa miguu kuufuata ufunguo. Mvua ikamtangulia, barabara ikakatika, kisha mto Mkondoa ukafurika hadi uani. Nilisimama mlangoni pa stoo, maji yamenifika magotini, ufunguo wetu shingoni. Ndani nilisikia vitu vikigongana.

Kiangazi yule mama wa mikate alikuja mwenyewe na ufunguo. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Akalitazama kufuli lake. "Kumbe hamkuvunja?"

Nikauvua ufunguo wetu shingoni.

Tulifungua. Mama aliipapasa cherehani mpaka akalipata gurudumu. Akalizungusha kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Halikwenda. Alijifuta kutu kwenye kanga, akatoka nje, akakaa.

Niliomba niibebe nyumbani. Mwenyekiti alisema, kwa upole kabisa, kwamba bado ni mali ya wote, hadi mkutano utakapoamua. Basi tukafunga, makufuli yote matatu. La washonaji nililifunga mimi.