Aliyeitwa Kando

Nilipohamishiwa Faza, kisiwani, kufundisha hesabu, nilipanga chumba kwa Bi mmoja aliyefiwa na mumewe. Asubuhi ya kwanza aliniita kutoka jikoni, "Mwalimu, ndoo!" Nikampelekea ndoo. Aliipokea, akaiweka chini, akanieleza kwamba kwao ndoo ni njoo, na kwamba chai ilikuwa inapoa.

Jumapili sisi Wakristo wachache wa kutoka bara tulisali katika darasa moja la shule. Hatukuwa na mchungaji, hivyo tulifundishana kwa zamu. Zamu yangu iliangukia parakletos, neno la Kiyunani lililomo katika Injili, pale Yesu anapowaahidi wanafunzi kwamba hawataachwa peke yao. Muuguzi wa zahanati alisema maana yake ni Mfariji. Polisi akasema ni Wakili, tena wa kortini. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba asili yake ni mtu aliyeitwa aje kando yako.

"Akishafika kando, afanye nini?" polisi akauliza.

Nikasema tutaendelea Jumapili ijayo.

Wiki hiyo Bi aliitwa kwa chifu. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa anaidai nyumba. Bi alinikuta uani nikifua.

"Kesho twende sote," akasema.

"Nikaseme nini, Bi? Mimi si mtu wa hapa."

"Ndiyo maana. Wengine wote ni jamaa zangu na ni jamaa zake. Wewe hu jamaa wa mtu."

Nilivaa tai. Njiani nilikuwa nikipanga hoja kichwani.

Ofisini alikuwapo chifu na wazee wa mtaa. Shemeji alisimama akasema kwamba ni nduguye aliyeezeka mabati na kuchimba choo, kwa hiyo nyumba ni ya ukoo wao. Niliinuka. Bi akanivuta shati.

"Keti. Sikukwita uje unene."

Nikaketi na hoja zangu. Akazungumza mwenyewe. Nyumba aliijenga babake, akampa siku aliyoolewa, kama desturi ya huko. Mume ndiye aliyehamia. Kila mara shemeji alipofoka, Bi aligeuka kuona kama bado nipo, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Mimi nilikuwa nipo. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, na nilitokwa na jasho hadi tai ikalowa. Nilichelea hata kukohoa, nisije nikamharibia.

Mzee mmoja akamuuliza shemeji kama anataka kuyaezua mabati. Shemeji alilifikiria swali kwa muda uliowatia wazee wasiwasi, kisha akasema hapana. Chifu na wazee wakaamua kwamba nyumba ni ya Bi na haimo katika mirathi. Vitu vya marehemu ndivyo vya kugawanywa. Bi akasema kitanda akichukue shemeji, kwani tangu zamani kilikuwa kinalia.

Tulirudi pamoja mpaka karibu na msikiti. Hapo akasema, "Ahsante, Mwalimu. Ungenena, ningeshindwa."

Jumapili niliwasimulia wenzangu. Polisi akasema basi parakletos ni shahidi. Muuguzi akasema shahidi gani asiyefungua mdomo? Walibishana hadi walinzi wa shule walipokuja kufunga darasa.

Kesho yake shemeji alifuata kitanda. Nilidhani patakuwa na maneno. Bi alimpa kahawa na kaimati, wakamzungumzia marehemu: alivyopenda samaki wa kukaanga, alivyokoroma. Shemeji akalia. Bi akamwongezea kahawa. Kisha kitanda kikakataa kupita mlangoni, maana fundi alikiundia humo humo chumbani. Shemeji akajifuta macho, akanitazama.

"Mwalimu, shika huko."

Tukakifungua mbao moja moja, tukazipanga barazani, naye akaenda kutafuta punda.