Mwenyekiti wa Wavuvi wa Nyabisaka Hajawahi Kuvua Samaki

Saa kumi na moja alfajiri, Concilie Barutwanayo anasimama ukingoni mwa kijito cha Karuhondo, kikapu cha nyanya kichwani na jaketi la kuokolea maisha kifuani. Jaketi ni la rangi ya chungwa, na lina filimbi. Anaingia majini polepole, akitafuta kila jiwe kwa kidole gumba cha mguu. Akifika ng'ambo anapuliza filimbi mara moja, ili wenzake walio nyuma wajue kwamba leo hajafa mtu.

"Mi sijui kuogelea," anasema, akikamua pindo la kitenge chake. "Lakini hii jile ilikuja bure. Kitu cha bure kama hukivai, wanasema huna shukrani."

Hapa si ziwani. Kutoka hapa Ziwa Tanganyika huonekana kama bati jipya lililosahaulika bondeni, mwendo wa saa tatu na zaidi kwa miguu. Nyabisaka ni kilima, mashariki ya Bujumbura, chenye nyumba mia moja na arobaini hivi zilizoshikilia mteremko kwa kucha. Juu ni migomba, katikati maharage na mihogo, na chini, karibu na kijito, nyanya. Samaki pekee anayefika Nyabisaka ni ndagala mkavu, na hufika ndani ya kikapu cha Concilie.

Lakini katika karatasi za mradi mmoja wenye ofisi Kinindo, mtaa wa Bujumbura, Nyabisaka ni kijiji cha wavuvi.

Kabla ya kucheka, tukumbushane. Kijito hiki kiliwahi kuwa na daraja. Lilijengwa enzi za Mbelgiji, kahawa ilipokuwa ya lazima na fimbo ilipokuwa ndiyo bwana shamba. Kahawa ilikuwa mali yao, basi njia ya kuipitisha ikapatikana upesi. Bibi yake Concilie alibeba mawe ya nguzo zile akiwa na mimba ya miezi saba, na hakupewa hata chumvi. Uhuru ukaja, magogo ya daraja yakaachwa yaoze. Mwaka wa mvua kubwa, miaka kumi na mmoja iliyopita, yakaondoka na maji. Tangu hapo daraja limeahidiwa mara tano. Concilie anakumbuka hata shati alilovaa kila aliyeahidi.

"Kahawa ilipata daraja," anasema. "Nyanya, apana. Nyanya tunakula sisi wenyewe, nani atajali."

Kikapu kimoja kikifika kizima soko la Kamenge, mjini, humpa faranga elfu thelathini na tano. Hiyo ndiyo karo, sabuni na dawa ya nyumba yenye watoto watano. Machi na Aprili kijito humfika kifuani, na wanawake wa Nyabisaka hukaa ukingoni wakitazama nyanya zikilainika. Aprili iliyopita Concilie alirudi nyumbani na kikapu mara sita. Nyanya zile zililiwa na mbuzi wake, mpaka mbuzi naye akaanza kugeuza uso.

Saa mbili na nusu yuko sokoni Kamenge. Kabla hajatua kikapu, Irène, Mkongomani wa Uvira anayeuza ndagala meza ya pili, ameshaanza.

"Shefu wa wavuvi," anaita. "Leo umetuletea mukeke wa ziwani?"

"Nimekuletea nyanya. Pengine zitapunguza harufu ya hizo ndagala zako."

"Zinanuka, ndiyo. Lakini ni ndagala zangu zilikupatia mutumbwi, maman. Usisahau."

Concilie hawezi kusahau. Kila akimaliza kuuza hununua ndagala kwa Irène na kwenda kuwauza kilimani. Miaka miwili iliyopita, siku ya Jumanne, aliteleza katikati ya kijito na mfuko wote ukalowa. Ndagala aliyelowa akilala mfukoni huoza. Basi akawaanika juu ya mwamba, upande wa Nyabisaka, jua likiwa bado kali.

Ndipo akatokea mkaguzi wa mradi, upande wa mjini, na viatu vyeupe. Alikuwa ametumwa kuandika habari za kijiji: watu wanaishi kwa nini, wanasafiri vipi, wanakosa nini. Akatazama maji. Akatazama viatu. Akaamua kuuliza kutoka pale pale.

"Aliniuliza, mama, hao samaki ni wa nani? Nikasema wangu," anasimulia Concilie. "Munauza? Tunauza. Kwenda mujini munapita wapi? Nikamwonyesha: hapa hapa, kwenye maji. Akaandika, akaniaga vizuri, akaenda. Na mi sikusema uongo hata kidogo."

Karatasi ilisema: Shughuli kuu, uvuvi. Usafiri, wa majini.

Baada ya miezi minane lori likashusha, pale barabara inapokomea, mitumbwi miwili ya mbao, nyavu, na majaketi thelathini. Wanaume wakapandisha mitumbwi kilimani kwa mabega, wakiimba, kwa sababu hapa mtu hakatai kitu kilichokwisha kushushwa. Mmoja walijaribu kuvukia Karuhondo. Ulizunguka mara mbili, ukakwama kati ya mawe ukiwa na mbuzi wawili na katekista. Hawakujaribu tena.

Nyavu sasa zinazuia ndege kwenye nyanya. Mtumbwi uliokwama hulaliwa na mbuzi. Wa pili uko kwa Hyacinthe, jirani wa Concilie mwenye migomba mingi kuliko wote, ambaye humo hukamulia ndizi za pombe.

"Muvure wangu wa zamani wa kukamulia ulikuwa unaingiza mikungu kumi," anasema Hyacinthe, akipapasa ubavu wa mtumbwi kama ng'ombe wa maziwa. "Huu unaingiza thelathini. Watu wanalaumu hiyo proje bure. Mi naona walitufikiria."

Kicheko kiliisha Januari mwaka huu. Mradi ule ule ulitangaza kujenga madaraja madogo kwa vijiji kumi vya vilimani. Orodha ilipobandikwa, Nyabisaka haikuwemo. Concilie aliuza nyanya zake mapema, akaukata mji wote kwa miguu hadi Kinindo, ambako kila geti lina mlinzi na kila mlinzi ana swali. Ndani alimkuta karani, Bonfils, kijana mpole mwenye mhuri.

"Mama, daraja ni la vijiji ambavyo havina usafiri," alisema Bonfils. "Nyinyi muko na mitumbwi."

"Mutumbwi mumoja uko na pombe. Mwingine uko na mbuzi."

"Hilo sijalisikia. Nakusaidia, mama, hilo sijalisikia."

Alipoomba karatasi isahihishwe, Bonfils alimweleza utaratibu. Taarifa za uvuvi husahihishwa kwa barua yenye sahihi ya mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi wa mahali husika.

"Hatuna wavuvi," alisema Concilie.

"Sasa nani atathibitisha kwamba hawapo?"

Soma tena swali hilo. Ofisi iliyoandika uongo bila kulowesha kiatu ilihitaji sahihi ya mvuvi ili kuufuta. Bibi yake Concilie alipobebeshwa mawe, hakuna aliyemdai barua.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, kijiji kilikutana kwa Hyacinthe kuuzunguka mtumbwi, kila aliyeweza akiwa na mrija wake. Pendekezo la Concilie lilikuwa fupi: tuunde ushirika wa wavuvi leo, tuchague mwenyekiti, mwenyekiti atie sahihi kwamba Nyabisaka haina samaki wala wavuvi, kisha tuuvunje ushirika kabla ya chakula.

Hyacinthe alisimama kupinga. "Karatasi ikisahihishwa, watakuja kuchukua mutumbwi."

"Na pombe yako ya Aprili itavuka na nini?" aliuliza Concilie. "Ama utaikunywa yote peke yako?"

"Nilishajaribu," alisema Hyacinthe. Akaketi, kwa kuwa kila mmoja pale aliikumbuka Aprili ile, hasa mke wake.

Kura zilikuwa zote za ndiyo. Ya Hyacinthe ilikuja mwisho, mkono mmoja juu na mwingine umeshika mrija. Ushirika wa Wavuvi wa Nyabisaka uliishi dakika arobaini. Mwenyekiti wake wa kwanza na wa mwisho ni mwanamke anayeogopa maji yanayopita goti.

Barua yenye sahihi yake iko ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya jaketi, upande wa moyo. Orodha haitarekebishwa tena baada ya mwisho wa mwezi, na mawingu ya Machi yameshaanza kukaa juu ya kilima. Alhamisi Concilie atashuka na kikapu, na akimaliza Kamenge ataendelea hadi Kinindo. Hatakwenda kukabidhi barua tu. Anataka Bonfils apande naye, aone kwa macho yake, na aandike akiwa upande wa kijiji.

Ameshamtengea jaketi, la saizi kubwa, lenye filimbi.

"Nitamwambia avae viatu vyake vizuri," anasema, akijitwisha kikapu chake. "Akivuka Karuhondo akafika ng'ambo na viatu vikavu, basi, waache karatasi yao vile ilivyo. Mi nitaanza kuvua samaki."