Tambara Kwenye Tundu la Paa la Moska

Tulipomzika Iakumis mwaka juzi, mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na watu waliofika kaburini walikuwa sita tu, kasisi akiwamo. Wakati wa kahawa ya matanga nikamsikia mmoja akimweleza mkwewe mgeni, "Huyu ndiye aliyeangusha paa la Moska." Miaka sitini imepita, na mtu anazikwa na neno lile lile. Nilikuwa nimeketi hapo, kikombe mkononi, nikaendelea kunywa. Paa lile nililiangusha mimi, Zambeta, mke wa Frangulis. Ninaandika kwa mkono wangu. Nilisoma hadi darasa la sita na mwandiko wangu mwalimu aliusifu. Sihitaji mtu wa kuniandikia.

Iakumis alikuwa fundi wa mapaa. Siku zile kisiwani kwetu nyumba zote zilikuwa na mapaa bapa: boriti, juu yake matete, kisha mwani mkavu, kisha udongo wa buluu unaochimbwa kilimani. Udongo ule usiposhindiliwa unapasuka, na mvua inakuja kulala na wewe kitandani. Basi kila mvua ikikatika, paa likiwa na unyevu lakini halinati mguuni, Iakumis alipita paa hadi paa akivingirisha jiwe lake, kipande cha nguzo ya marumaru. Alikuwa mfupi, shingo hana, na alitembea kama anakanyaga mayai, hata barabarani. Alipiga kisigino, akasikiliza. "Hili lina mafua," alisema. Au, "Hili zee, lakini meno yote yamo." Tulimlipa jibini, mafuta, bakuli la dengu. Mke hakuwa naye, shamba hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni sifa: paa lililopitiwa na Iakumis halivuji.

Mwaka ule ilikuwa zamu yetu kupokea picha ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa mabaharia. Picha ile hukaa mwaka mzima katika nyumba moja, na siku ya sikukuu, mwanzo wa Desemba, hubebwa kwa maandamano hadi nyumba nyingine. Nilikuwa nimeolewa miaka miwili tu. Nikapaka chokaa ngazi, ukuta na mawe ya kichochoro mpaka ukiyatazama macho yanauma. Kichochoro cheupe kama kile sijakiona kabla wala baada, nasema bila haya.

Mvua ya kwanza ilichelewa mwaka huo, ikaja asubuhi ya sikukuu yenyewe. Kwetu mvua ya kwanza haiingizwi birikani, kwenye hodhi la maji ya kunywa chini ya nyumba, maana inaosha vumbi na mavi ya njiwa. Watu huondoa bomba lililo chini ya tundu la paa, uchafu umwagike nje. Jirani yangu Moska, mjane, alikuwa amekwenda kisiwa cha Siro kwa bintiye aliyejifungua, na kabla ya kusafiri aliondoa bomba lake kama mtu mwenye akili. Tundu lake lilitazama ngazi zangu. Nikafungua mlango, nikaona maji ya tope yanaanguka juu ya chokaa yangu.

Frangulis alikuwa ananyoa ndevu. "Wacha, mke wangu," akasema. "Mtakatifu ni baharia. Tope ameshaliona."

"Yeye sawa. Mama yako je?"

Nikapanda paa letu, nikavuka ukingo hadi paa la Moska, nikaziba tundu lake kwa tambara, kipande cha godoro letu la zamani chenye milia ya buluu. Saa mbili tu, nikajiambia. Maandamano yakipita nitalitoa.

Maandamano yakapita. Barba Linardos, mwenye mkahawa (barba kwetu ni mzee, na kira ni bibi), akasimama mlangoni kwangu na kofia mkononi: "Kira Zambeta, umetupofusha! Tutarudije nyumbani?" Watu wakacheka, wakala, wakasifu. Nikalewa sifa, nikasahau.

Mvua haikukatika siku tatu. Meli haikuja. Paa lililolowa halipandwi, hata Iakumis hakupanda. Siku ya tatu adhuhuri, nikiwa ninamenya vitunguu, nikasikia kishindo upande wa pili wa ukuta. Kisu hakijafika mezani, nikalikumbuka tambara, na maji ya siku tatu yaliyokosa pa kutokea.

Wanaume wakaingia kwa Moska kuokoa mtambo wake wa kufumia, uliokuwa na shuka za kuolewa nazo bintiye mdogo. Mimi sikuingia. Nikapanda juu. Upande wa tundu ulikuwa bado umesimama. Nikalala kifudifudi kwenye maji, nikanyoosha mkono, nikachomoa tambara langu, nikaenda kulitia tanurini. Kusahau ni kwa binadamu. Lakini kulala kifudifudi mvuani ili uchomoe tambara, huko si kusahau.

Niliposhuka, walikuwa wamemzunguka Iakumis kwenye kifusi.

"Iakumis, ulisukuma jiwe, au jiwe lilikusukuma?" Linardos akauliza.

"Nililishindilia mwenyewe mwisho wa mvua zilizopita, na wiki iliyopita nililipiga kisigino. Lilikuwa zima."

"Zima kama meno yangu!" Linardos akafungua kinywa, jino moja ndani. Wakacheka, jinsi watu wanavyocheka wakiwa wamelowa na wanaogopa mapaa yao.

Iakumis hakucheka. Aliokota bonge la udongo, akalivunja, akalinusa.

Majira yale hakuna aliyemwita. Jiwe akapewa mpwa wa Linardos, na mapaa manne yakavuja, lakini hilo hawakulisema. Nikawa nampelekea Iakumis supu, mkate, sabuni. "Kira Zambeta," akaniambia, "ni wewe peke yako hujanicheka." Afadhali angenipiga kofi.

Mwezi wa Februari alianza kumjengea Moska paa jipya, bila malipo. Alikuwa amewaamini kwamba kosa ni lake. Siku moja ya manyunyu nilimpandishia kahawa, nikiwa bado ngazini akaniuliza:

"Wewe ni jirani, kira. Paa lilianza kutoa mlio upande gani? Nafikiri mwani niliutia mchache. Au udongo haukulowa vizuri. Nimekosea wapi?"

Nikamwambia. Tambara, chokaa, tanuri, yote.

Akakaa juu ya bonge la udongo. "Kwa hiyo lilikuwa zima."

"Lilikuwa zima."

"Sema tena."

"Paa lilikuwa zima, Iakumis."

Hakunitukana. Alifuta mikono kwenye suruali, kidole kimoja kimoja. "Basi kawaambie. Nikisema mimi, watasema najitetea. Nenda mkahawani ukaseme mara moja tu, na mimi nitakusamehe."

Nikaenda. Mwanamke wa kwetu haingii mkahawani, huishia mlangoni. Nikasimama mlangoni. Moshi, makoti yaliyolowa, karata mezani. Mume wangu alikuwapo, na baba mkwe wangu, na kasisi. Wakanigeukia wote.

"Haya, chokaa imefika!" Linardos akapaza sauti. "Umekuja na ndoo, kira Zambeta, utupake na sisi?"

Wakacheka, lakini kwa kunipenda. Picha ya Mtakatifu ilikuwa nyumbani kwangu. Nikafungua mdomo.

"Frangulis," nikasema, "chakula kinapoa."

Nilipogeuka, Iakumis alikuwa ng'ambo ya njia, chini ya roshani, tope hadi magotini. Alikuwa amenifuata ili asikie.

Paa la Moska alilimaliza. Meli ya kwanza iliyoweza kutia nanga, akapanda, akaenda kwenye machimbo ya marumaru ya kisiwa kingine. Alirudi mzee, mapaa yote yakiwa ya saruji. Tukikutana njiani alinisalimu kwa adabu, kisha akasimama kidogo, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize alichokuwa anasema. Nami nikamwuliza kama anaona mvua itakatika.