Ruhusa ya Picha Ndogo

Iko Jumatano moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka naacha ninachokifanya. Nitakueleza kwa mpangilio, kwa sababu kosa langu nalo lilikuwa na mpangilio wake, na kila hatua niliyoipiga niliiona sahihi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, napiga picha katika studio moja ndogo mjini Dodoma. Kamera za dijitali zilikuwa bado ngeni kwetu. Mimi nilikuwa nimejifunza na kutengeneza kurasa za tovuti, nikajiona nimefika. Kwenye ukurasa wa studio nilipanga picha za harusi zikiwa ndogo, safu kwa safu, kila moja kama stempu ya barua. Ukibonyeza moja, inafunguka kubwa na kujaa kioo cha kompyuta. Mtandao wa wakati ule ulikuwa wa kuvizia. Picha moja kubwa ungeweza kuisubiri mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo nilizikagua zikiwa ndogo tu. Zile kubwa niliziacha kama zilivyotoka kwenye kamera.

Nikaitwa Busi, kule Kondoa, kupiga picha harusi ya binti aitwaye Rehema. Walinitaka mimi kwa kuwa ni mwanamke, ningeweza kuingia chumba cha bibi harusi, ambako wanawake wakiwa peke yao huvua mitandio na kukaa kwa raha. Mama yake, Mama Idrisa, alinisimamisha mlangoni na kuniwekea sharti moja: picha ya humo ndani isitoke mpaka yeye aione na kuikubali.

Nilitimiza. Au ndivyo nilivyojiambia. Kabla ya kuondoka nilimpelekea kamera, nikamwonyesha picha ya Rehema akiwa na shela lake, amekaa mbele ya kabati la kioo, macho ameyainamisha, mikono imejaa hina. Kioo cha nyuma ya kamera hakikuzidi kiberiti. Mama Idrisa alikisogeza karibu, akakisogeza mbali, akacheka.

"Macho yangu haya! Ila mwanangu namwona. Kapendeza. Haya, iweke huko kwenye mtandao wenu, kaka yake awaringishie wenzake ofisini."

Jumanne nikaiweka. Nyuma ya bega la Rehema, ndani ya kioo cha kabati, palikuwa na kidoa kinachong'aa. Nilikiona, mwanangu. Nikadhani ni mwanga wa dirisha. Sikujisumbua kubonyeza na kuisubiri ifunguke.

Jumatano saa nne asubuhi akaingia studio Idrisa, kaka wa Rehema, mtumishi katika ofisi moja ya serikali pale mjini. Hakunisalimia.

"Dada, ulifungua hii picha kabla ya kuiweka?"

"Niliiona, kaka. Na mama aliikubali."

"Sijauliza kama uliiona. Uliifungua?"

Nikabonyeza. Tukasubiri wote wawili. Ilishuka taratibu kutoka juu, mstari baada ya mstari: dari, shela, uso wa Rehema. Halafu, ndani ya kioo cha kabati, kupitia mlango wa chumba cha ndani uliokuwa wazi nyuma yangu, Mama Idrisa amekaa kitandani peke yake, mtandio umelala mapajani, kichwa hakina hata unywele mmoja.

Idrisa aliniambia alivyoijua. Alikuwa amewaita wenzake waje wamwone bibi harusi. Mmoja, mtani wake, akaropoka: "Bwana Idrisa, na huyu babu mwenye kipara kafuata nini chumba cha akina mama?" Ofisi nzima ikacheka. Naye akacheka, mpaka alipoinama karibu.

Akampigia mama yao simu pale pale, naye akakiri: alikuwa anatibiwa saratani. Kila safari ya hospitali aliwaambia watoto anakwenda kumsalimia dada yake. Alikuwa amepanga awaambie Rehema akishamaliza fungate, zile siku saba za mwanzo wa ndoa. Sasa Idrisa, kwa mshtuko, alikuwa ameshampigia Rehema simu. Na Rehema, aliyeolewa Kibaigwa kwa mfanyabiashara wa mahindi, alikuwa ameshatoka kwa mumewe analia, yuko njiani kurudi Busi. Ilikuwa siku ya tatu ya fungate yake.

"Nafuta sasa hivi," nikasema. Nikaiondoa ile picha ndogo kwenye safu. "Tayari, kaka. Haipo tena."

Haikuwa kweli, ingawa sikujua. Picha kubwa ilikuwa na anwani yake yenyewe, na yeyote aliyetumiwa anwani ile aliendelea kuifungua. Ukweni kwa Rehema waliifungua siku mbili zaidi, wakionyeshana. Ijumaa Idrisa akanipigia.

"Dada, uliniambia umefuta."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Nilipohakikisha imefutika kweli, Jumamosi nikapanda basi la Kondoa. Nilimkuta Mama Idrisa uani anapepeta ulezi, mtandio ameufunga ukakaza. Rehema alikuwa jikoni. Hakutoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikaanza vibaya, nikajitetea. "Mama, nisamehe. Lakini nilikuonyesha, ukaniruhusu..."

Akauweka ungo chini. "Ulinionyesha kitu kama ukucha. Nikauruhusu ukucha. Wewe ukawaonyesha watu ukuta mzima."



"Ugonjwa ni wangu," akasema, "na kuwaambia watoto ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa bado natafuta maneno. Nilitaka Rehema acheke siku saba, basi. Kacheka tatu."

Nikalia. Akaniacha nilie kidogo, ndipo akasema, "Nyamaza. Nimekusamehe kabla hujafika. Ila zile nne, mwanangu, sitakudanganya kwamba najua zinarudishwaje."

Aliishi mwaka mmoja na ushei. Rehema alirudi kwa mumewe na wana watoto wakubwa sasa. Tukikutana Kibaigwa tunasalimiana vizuri, ananiuliza hali, namuuliza ya kwake. Hajawahi kuniomba nimpige picha, hata ya mtoto.

Nakueleza haya kwa sababu wewe leo unakuza picha kwa vidole viwili, na kabla hujashusha mkono imeshafika kwa watu mia. Unapomwomba mtu ruhusa, mwonyeshe kile kile watakachokiona wengine, kwa ukubwa ule ule watakaouona, na kama macho yake hayawezi, mweleze kilichomo mpaka pembeni. Ukiona doa usilolijua, simama hapo hapo ulijue. Ukikosea, usiseme umefuta mpaka umejaribu kuifungua mwenyewe ukashindwa. Na usijifiche nyuma ya neno "aliniruhusu". Mimi nililibeba neno hilo njia nzima mpaka Busi, na lilipofika mbele ya yule mama halikuwa na uzito wowote.

Mungu akusitiri, mwanangu, akufanye na wewe kuwa sitara ya wenzako. Akujalie moyo usio na haraka, na wote watakaokuamini wakuamini kwa haki. Amina.